Glavu Moja

Nyinyi mnaonunua embe moja dukani Nairobi kwa shilingi 50, tena dogo, tena limelazwa kwenye friji kama maiti, njooni Hola mwezi wa Disemba mtukanwe na maembe. Mimi yananitukana kila usiku. Mwembe wa mama mwenye nyumba uko nyuma ya chumba changu, matawi yamejilaza juu ya mabati, na embe la ngowe likishaiva halina adabu. Saa nane usiku, pwaa! Naruka. Natafuta rungu. Nakumbuka sina rungu. Nalala. Pwaa!

Asubuhi kazi yangu ni kuzoa. Hiyo iko kwenye masharti ya upangaji, ingawa sikumbuki niliyakubali lini. Broka alikuja na lori lake, akasema embe shilingi tatu. Mama akakataa. Akaja wiki iliyofuata, akasema mbili. Kwa hivyo tunayaacha yaoze, na joto la huku, nyuzi 36 mpaka 37 kivulini, halichezi. Embe likianguka saa mbili asubuhi, kufika adhuhuri lina nzi, mvuke na maoni yake binafsi.

Sasa siku moja niko hapo na fagio, nikavuta pumzi. Harufu ile naijua. Ni harufu ya mjomba wangu siku za Jumamosi.

Hapo ndipo shetani aliponiita pembeni. Nikajiambia, kumbe mvinyo ni kuoza kwa mpango tu! Mimi nimeoza bila mpango miaka 52, nitashindwaje?

Tena nilikuwa na sababu. Shemeji yangu wa Garsen, yule mwenye kazi nzuri, alikuwa aje kututembelea katikati ya Januari. Huyu mtu kila akija hubeba chupa ya mvinyo wa Afrika Kusini, anaifungua kwa madaha, ananimiminia kidogo kwenye kikombe cha chai kwa sababu glasi sina, halafu anauliza, "Shemeji, unaisikia hiyo ladha ya mwaloni?" Mimi mwaloni naujua ni pale tunaponunua samaki. Naitikia, "Naisikia." Miaka minne naisikia. Safari hii nilitaka nimmiminie yeye.

Nikapeleka hoja ofisini. Mimi ni karani wa stoo, na stoo yetu, kwa vile haina vitu, ina viti. Nikauliza kwa sauti ya mtu anayemuulizia mwenzake, eti pombe ya nyumbani hutengenezwaje? Wee! Watu ambao hawajawahi kujibu hata memo moja wakawa maprofesa. Wa Kakamega akasema busaa: unavundika unga wa mahindi, unaukaanga kwenye bati mpaka unanukia, kisha unatia kimea cha wimbi. Wa Murang'a akasema upuuzi huo, kuna muratina, asali na lile tunda refu kama soseji, ambalo hukaushwa likatiwa ndani lichachushe. Wakakaribia kushikana mashati. Yule wa Kilifi alikuwa kimya, anachokonoa meno. Mwishowe akasema, "Nyinyi mnajisumbua. Sisi hatutengenezi. Tunapanda juu kuichukua."

Akaeleza. Mgema anapanda mnazi asubuhi, anapanda tena jioni, anakata ncha ya ua, anafunga kibuyu. Utomvu ukidondoka ni mtamu, hata mtoto anaunywa, lakini unaanza kuchacha pale pale juu ya mti, haungoji mtu. Jioni umeshakuwa tembo. "Na ukichelewa siku mbili tatu," akasema, "una siki ya kupikia."

Maneno hayo ya mwisho nimeyakumbuka sana baadaye. Siku hiyo sikuyasikia. Mkubwa alikuwa amechungulia mlangoni na kuuliza tunajadili nini, nikawa nasema, "Stoo, mkubwa."

Nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu wa kemia. Huyu naye ukimuuliza saa anakueleza mzunguko wa dunia. Akasema, mzee, sikiliza, kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinakupa asilimia moja ya kileo. Unataka asilimia ngapi? Nikasema 12, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye chupa ya shemeji. Akapiga hesabu kwenye kiganja: lita 15, sukari kilo tatu na kidogo, lakini utoe ile iliyomo kwenye maembe yenyewe. Hapo kwenye kutoa nikawa nimeshaondoka. Mimi hesabu ya kutoa huniuma tangu darasa la pili.

Kilo tatu za sukari, shilingi 480! Kwa pesa hiyo ningekunywa bia mbili baridi nikalala. Lakini mtu akishaamua kuokoa pesa, hakuna gharama atakayoikwepa.

Kiosk nikaomba hamira. Muuzaji akaniangalia. "Mzee, leo unapika mahamri?" Nikasema ndiyo. Lile "ndiyo" lilinitoka kabla sijalitafuna. Nyuma yangu kumbe amesimama mama mwenye nyumba, amekuja kununua chumvi. "Mahamri? Basi mie niwekee ishirini, baba, kesho baada ya alfajiri."

Hapa lazima nimweleze huyu mama. Ni mtu wa swala tano, wa heshima zake, na siku nilipohamia alinipa masharti matatu pale pale kwenye geti. Kodi tarehe tano. Mbwa hapana. Na pombe isivuke kizingiti hiki. Mimi nimeyaheshimu. Mniulize popote, hata kortini: haikuvuka kizingiti. Ilizaliwa ndani.

Usiku huo nikamenya maembe arobaini na kisu cha mkate. Nyuzi za ngowe zikaniingia kwenye meno, kwenye kucha, nyingine sijui zilifikaje kwenye soksi. Nikaponda kwa mwiko, nikachemsha maji kwa usafi, nikamimina kwenye mtungi wa lita 20, sukari ndani, maembe ndani, na maji yakiwa bado yanafuka moshi nikanyunyiza hamira. Nikakaa kwenye kitanda nikingoja. Wapi! Hakuna kitu. Mtungi umenyamaza kama mdaiwa.

Nikamwita mwalimu. Akagusa mtungi, akaondoa mkono haraka. "Umeua, mzee."

"Nimeua nani?"

Akaketi akanieleza habari za Mfaransa mmoja, Louis Pasteur, ambaye karne ya 19 alionyesha kwamba hamira ni kiumbe hai, kinakula sukari, na pombe ndiyo masazo yake pamoja na hewa ile ya mapovu. Kiumbe hai! Na mimi nimekimwagia maji ya moto kama mtu anayechinja kuku. Nilihisi vibaya kweli. Paketi nzima, familia nzima. Kesho yake alfajiri nikanunua paketi ya pili, na mahamri ishirini kwa mama wa pale stendi, nikampelekea mama mwenye nyumba yakiwa ya moto. Akala moja. "Mashallah, baba, una mkono." Akaagiza mengine ya Ijumaa. Nawaambia hii biashara ya mvinyo ilinitia hasara hata kabla ya povu la kwanza.

Halafu ikaja habari ya mfuniko. Mwalimu akasema, ukifunga kabisa, ile hewa itapasua mtungi. Ukiacha wazi, hewa ya nje inaingia, inaharibu. Kwa hivyo vika mtungi glavu ya hospitali, toboa kidole kimoja kwa sindano, hewa itoke isiingie. Rahisi.

Rahisi kwake. Mimi ndiye niliyesimama chemisti, mwanamume mzima, foleni ya akina mama na watoto nyuma yangu, naomba glavu. Binti wa kaunta akauliza kwa sauti ya kanisani, "Glavu za nini, mzee?"

Sasa wewe ungesema nini? Kulikuwa na majibu elfu. Kufulia. Kupaka rangi. Kukata pilipili. Mimi nikafungua kinywa, kikasema chenyewe, "Za kumzalisha mbuzi."

"Kumbe wewe ni daktari wa mifugo?"

Nikacheka kile kicheko kisichokana wala kukubali. Foleni nzima ikaniangalia kwa heshima. Sijawahi kuangaliwa hivyo tangu nizaliwe, na nakiri ilinikaa vizuri. Nikalipa, nikaondoka kidaktari, mwendo wa pole.

Glavu ya kwanza ilichanika wakati naivisha mtungi. Ya pili ikakubali. Na hamira ya pili, jamani, ilikuwa na uhai! Kufika magharibi mtungi unaongea: blup. Blup. Usiku glavu imeanza kujaa, kidole kimoja, cha pili, mpaka mkono wote umesimama wima juu ya mtungi, umekunjuka, feni ikizunguka unapunga taratibu kama mheshimiwa kwenye sunroof. Nikauvulia kofia.

Nimezima taa kubwa nimeacha ile ndogo ya nyuma, ndipo nikasikia hodi.

"Baba, una mgeni?"

"Sina, mama."

"Mbona kuna mtu ananipungia mkono pazia lako?"

Nikageuka. Kivuli kimetanda pazia zima, vidole vitano, kinapunga. Nikasema ni soksi, nimeanika. Akasimama kitambo. "Soksi ina vidole?" Nikamwambia ni za kisasa.

Nisiwafiche, siku zile nilikuwa na wasiwasi mwingine. Kila mwaka tunasikia watu wamekunywa kitu wakapofuka, wengine wakafa. Nikamuuliza mwalimu, akasema matunda na hamira peke yake hayana neno, wanaoua ni wale wafanyabiashara wanaochanganya methanoli ya viwandani. Sikuridhika. Nikaenda kukaa kiosk karibu na mzee mmoja ambaye hunywa chai pale tangu kiosk ikiwa mti. Nikamtupia swali kwa mbali, eti mzee, kinywaji cha kujitengenezea chaweza kuua?

Akakoroga chai muda mrefu. "Wewe umekuja Hola lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Mwezi wa tatu mwaka 1959, pale kambini, walikufa wafungwa 11. Watu wa Mau Mau. Serikali ya mkoloni ikatangaza wamekufa kwa kunywa maji." Akanyonya chai. "Maji! Na miili imevunjwa na marungu. Ilipokuja kujulikana mpaka Bunge la Uingereza likatikisika, wakaona aibu ya jina, wakauita mji Galole. Basi mimi nikiambiwa kinywaji kimeua mtu, swali langu ni moja. Nani alikuwa ameshika rungu?"

Nikanyamaza. Chai yangu ikapoa. Mambo ya mtungi wangu yakaonekana madogo sana, na kusema kweli ni madogo.

Siku ya tisa, saa tatu usiku, pikipiki ikasimama getini. Nachungulia dirishani. Boda. Nyuma yake kijana wa Kiorma amejifunga kikoi. Katikati yao, amebanwa kama abiria aliyelipa nauli kamili, mbuzi.

"Daktari yuko?"

Moyo ukashuka mpaka kwenye ndara. Mama mwenye nyumba keshafungua geti keshaelekeza kidole chumbani kwangu. "Yumo humo. Daktari! Baba! Toka, mbuzi wa watu tangu magharibi anahangaika!"

Nikatoka. Nikasema mimi siyo… Kijana akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mzee wangu, chemisti wametuambia." Mbuzi akaniangalia. Nawaambia, katika umati ule mbuzi peke yake ndiye aliyejua ukweli.

"Glavu zako ziko wapi?" mama akauliza. "Si ulinunua jozi?"

Mji mdogo una kumbukumbu kubwa. Nikarudi ndani. Glavu iko moja tu duniani, nayo iko kazini. Nikaishika. Ikanipa mkono, wallahi, kama rafiki wa zamani. Nikaing'oa. Fyuuu! Chumba kizima kikanuka Jumamosi. Nikaivaa ikiwa na joto na unyevu, na tundu kwenye kidole cha shahada, nikatoka nje nimeinua mkono juu kama nilivyoona kwenye sinema.

Sikumgusa. Mbele ya Mungu sikumgusa. Nilipiga magoti, nikapeleka mkono karibu, mbuzi akainusa ile glavu, akashtuka, akaruka, akazunguka mwembe mara mbili, akasimama, akajikamua. Mtoto akatoka. Halafu wa pili. Embe likaanguka juu ya mabati, pwaa, kama mzinga wa saluti.

Mimi hapo nilikuwa nimeshakaa chini, magoti yamegoma, macho nimefumba. Nikasikia watu wananong'ona, "Mwacheni, daktari anaomba dua."

Walipoondoka ilikuwa saa tano. Glavu haikufaa tena, wala sitaki kueleza kwa nini. Nikachukua kipande cha leso, nikakifunga mdomoni mwa mtungi, nikalala usingizi wa shujaa. Nilisema kesho nitanunua glavu nyingine. Kesho hiyo mpaka leo inakuja. Ningerudi vipi chemisti? Wangeniuliza na ng'ombe wao.

Asubuhi yake kiosk, naibu wa chifu akanivuta pembeni. Sauti ya chini. "Mzee, nimesikia habari zako. Leseni unayo?"

Jasho likanitoka hadi kwenye nyayo. Ile sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, inataka leseni hata ya kutengeneza, siyo ya kuuza tu. Nikaanza kulia kwa ndani. Nikasema, afande, ni lita 15 tu, ni za kumaliza maembe, shemeji yangu anakuja…

"Maembe gani? Nauliza leseni ya kutibu mifugo."

Sijawahi kufurahi hivyo kukosa leseni.

Januari ikafika, shemeji akafika. Mimi nimeshachuja, nimeshatia kwenye chupa za soda, rangi kama dhahabu, safi, unaona mpaka upande wa pili. Juu ya mtungi kulikuwa na utando mzito unaoteleza, na vinzi vile vidogo vya maembe vilikuwa vimeingia kwenye leso kama wageni wa harusi, lakini nikajua ndiyo ukomavu. Nilikuwa sijaonja. Nilitaka tuonje pamoja, nimwangalie usoni.

Nikaazima glasi. Nikammiminia. Nikamwambia, kwa sauti yake yeye mwenyewe, "Shemeji, sikilizia ladha ya mwembe."

Akanywa funda zima, kwa heshima. Jicho la kushoto likajifumba. Sikio likasogea, nililiona. Mashavu yakaingia ndani kama mtu anayevuta mrija uliokatika. Akatafuta mahali pa kutema, hakupata, akameza. Machozi mawili. Akasema, kwa shida, "Shemeji… hii ni ya saladi."

Na ni hapo hapo mama mwenye nyumba akaingia na sinia la pilau kwa ajili ya mgeni. Nikajaribu kuificha chupa nyuma ya mgongo. Akanusa. Nikasema moyoni, kwaheri Hola. Akanusa tena, akaja mpaka kwangu, akaitoa chupa mkononi mwangu.

"Siki! Baba, na siki pia unatengeneza?"

Nikamwambia mama yote. Maembe, hamira, mkono wa pazia, glavu. Sikuweza kudanganya tena, uwongo wangu wa mwisho ulikuwa umezaa pacha. Alinisikiliza amefunga mdomo. Akamwita kijana wake aliyesoma chuo cha dini, akamweleza. Kijana akauliza, "Ulitia kitu cha kuigeuza, au imejigeuza yenyewe?" Nikasema, ndugu yangu, mimi sijawahi kugeuza kitu, hata chapati. Imejigeuza yenyewe, nimelala. Akasema pombe iliyojigeuza yenyewe ikawa siki ni halali, haina neno.

Mama akainuka. "Sharti la tatu lipo pale pale," akasema, bila kucheka. "Na nichukulie lita tano, za achari."

Mwalimu amenieleza kwamba kuna bakteria wanaokula kileo wakipata hewa, na kwamba kitambaa juu ya mtungi ndicho hasa kinachotumiwa na watu wanaotaka siki. Nimemwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hukuniuliza siki.

Jioni shemeji alifungua chupa yake, tukanywa nje ya geti, ndani ya gari lake, kwa adabu. Akanisimulia habari za ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walioanza kiwanda cha bia pale Ruaraka mwaka 1922. Baadaye George akauawa na ndovu mawindoni, na bia ikaitwa Tusker kwa ajili ya ndovu huyo. Aliyasema kunifariji, kwamba kila mwanzo ni mgumu. Mimi nikawaza jambo moja tu. Wenzangu walipata ndovu. Mimi nimepata mbuzi.

Lita zilizobaki ni saba. Ukipita Hola ulizia nyumba ya daktari, usiulizie jina langu, hakuna anayelijua tena. Lita moja shilingi 100. Chupa uje nayo mwenyewe, na tafadhali mbuzi umwache nyumbani.